Mkono Nilioambiwa Niufute

Mliniacha kwenye chumba cha mazoezi ya kwaya kule Itezi, kompyuta iko mezani, kamati imekaa kwenye mabenchi, na mimi, Nidhi binti Bipin wa duka la vitambaa, nimeshabonyeza kitufe.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, habari ni fupi. Kwaya ilikuja dukani kwetu Uhindini, Mbeya mjini, kuchagua vitambaa vya sare. Mwalimu wao, Eliezeri, akaniona nachora nyuma ya kaunta, akaniuliza kama naweza kuwatengenezea video ya katuni ya wimbo wao wa mto, waipeleke kwenye tamasha la kwaya Iringa. Nikasema naweza. Nilikuwa sijawahi kuchezesha hata katuni ya panzi! Nikajifunza huku nafanya, kwa programu ya bure na walimu wa mtandaoni wanaoongea kama wanakimbizwa.

Mnakumbuka umeme ulivyokatika, kiitikio kizima kikapotea. Mnakumbuka mwimbaji wa alto niliyempa vidole sita. Msomaji mmoja akanitumia ujumbe: "Dada, rudi ukauze vitenge." Kaka yangu, vitenge nauza. Na kuchora nachora. Kama vyote viwili vinakuudhi, geuza ukurasa, kuna habari za mpira.

Basi tuendelee. Video ikafika kwenye mto.

Wimbo wenyewe ni wa watu wawili, kwaya inaitikia nyuma. Mwanamke anauliza, "Mto umefurika, nani atanivusha?" Sauti nzito ya mzee inajibu, "Nipo, mwanangu, nyosha mkono." Anayeuliza ni Mercy, ambaye sauti yake ikipanda hata muuza mkaa anasimamisha baiskeli. Anayejibu ni Mzee Jailos, aliyekuwemo kwenye kwaya hiyo tangu haijawa na sare. Nami nikachora nilichosikia: mzee ananyosha mkono, Mercy anaushika, wanavuka wakitazamana.

Mkono ule ulinitoa jasho. Katuni ni picha nyingi zinazopishana kidogo kidogo, na hakuna kinachomuumbua mwanafunzi kama mkono. Kidole gumba kilikuwa kinaruka. Nikikituliza, kiwiko kinavunjika. Siku nilipoupata, ukashika kweli na ukavuta kweli, nilicheka peke yangu stoo mpaka baba akaja kuuliza kama kuna mteja.

Kwa hiyo nilitegemea makofi.

Mzee Jailos, aliyekuwa benchi la mbele, akainuka. Akavaa kofia yake humo humo ndani, akatoka bila kuaga. Kule nyuma, karibu na mlango wa pili, Mercy akavuta kanga akafunika kichwa.

"Nidhi," mwalimu Eliezeri akasema polepole, "umefanya nini?"

"Nimewavusha mto."

"Huyu mwanamke uliyemchora ni nani?"

"Mercy. Si ndiye anayeimba?"

"Na huyu mzee?"

"Mzee Jailos. Si ndiye anayejibu?"

"Na Mercy ni nani kwa Mzee Jailos?"

"Mkamwana wake. Mke wa Gerson. Si mnajua wote?"

"Sisi tunajua," akasema. "Wewe ndiye hujui."

Akanieleza, na kila alichosema kikanikata maini. Vijana wengi wa mjini wameshaacha, lakini kwa Mnyakyusa wa aina ya Mzee Jailos, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani kitu mkononi. Mkamwana hataji jina la mkwe, na akimwona njiani anapisha pembeni mpaka apite. Hata kwenye kwaya wanatumia milango tofauti. Wimbo wenyewe ulirekodiwa Mercy akiimba asubuhi, mzee akaimba mchana, fundi wa studio akaziunganisha sauti.

"Na wewe umewashikanisha mikono," Eliezeri akamaliza.

"Tena muda mrefu," mama mmoja wa alto akaongezea.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani anamwambia mtu mzima kwamba moto unaunguza?"

Wakanitoa nje. Nikasikia wananong'ona, nikasikia benchi linasogezwa, kisha wakaniita. Uamuzi ulikuwa na sehemu mbili. Mkono ufutwe. Na Mercy akae pembeni, Iringa haendi, kwenye kwaya haimbi mpaka kamati itakapoona vinginevyo.

"Mercy kafanya nini?" Nilipiga kelele, sikatai.

"Alikuwa anakuja dukani kwenu umchore sura. Wanasema yeye ndiye aliyekutuma, amdhalilishe mkwe wake."

"Kosa ni langu, mwalimu!"

"Wewe ni mgeni."

"Mgeni? Nimezaliwa Mbeya hii hii. Majivu ya babu yangu yamo kwenye mto wa huku huku."

"Mgeni wa mila, Nidhi. Mgeni haadhibiwi. Anaadhibiwa mwenyeji wake."

Mercy hakujitetea. Alichukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wake wa siku zote.

Nyumbani nilimkuta baba anampimia mteja kitambaa. Nilimweleza yote huku nalia kwa hasira, maana kuna kulia kwa huzuni na kuna kulia kwa kutaka kuvunja kitu.

"Nilikuambia," baba akasema, mkasi mkononi. "Kitambaa hakina mkwe. Unapima, unakata, unafunga. Futa huo mkono, uje unisaidie hapa."

Ndipo tukasikia kicheko. Mama yangu, Kumud, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na mama yangu si mtu wa kucheka ovyo.

"Beta," akaniita, kama anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "wewe umekulia nyumba gani?"

"Hii hii."

"Babu yako alipokuwa anaingia jikoni, mimi nilikuwa nafanya nini?"

Nikakumbuka. Ncha ya sari ilikuwa inashuka mpaka kidevuni. Miaka yote ile nilidhani mama anajikinga na moshi.

"Baba mkwe wangu sikumtazama usoni mpaka anakufa," mama akasema. "Nilimjua kwa kandambili zake. Naye alikuwa anakohoa kabla hajaingia, nipate nafasi ya kuvuta sari. Watu wanasema anayejificha ni mwanamke tu. Si kweli. Tulikuwa tunapishana wote wawili."

"Na chakula ulimpaje?"

"Naweka mezani, naondoka, anachukua. Siku zote kuna kitu katikati. Meza, au mtoto. Wewe mwenyewe nilikutuma mara ngapi?" Akanitazama. "Weka kitu katikati."

Baba alikuwa ameacha kupima. "Hukuwahi kulalamika," akamwambia mama.

"Hukuwahi kuuliza."

Mteja akadai kitambaa chake kimekatwa upande. Kweli kilikuwa kimekatwa upande.

Nikarudi stoo. Programu ya kuchorea ina leya, yaani kila kitu kinakaa kwenye karatasi yake inayopitisha mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Mzee ana yake, Mercy ana yake, mto una yake na unatiririka wenyewe. Nikachukua leya ya mzee, nikamgeuza atazame mbele. Nikamwinamisha Mercy atazame maji. Katikati nikachora fimbo ya mwanzi, mmoja kashika ncha hii, mwingine ncha ile. Fimbo haina vidole. Ilikuwa kazi rahisi kama kunywa uji.

Lakini mkono sikuufuta. Niliambiwa niufute, nikahifadhi faili mbili, moja nikaiita Fimbo, nyingine nikaiita Mkono. Atakayeona ni ukaidi, hajakosea.

Eliezeri alikuja dukani kuitazama ile ya fimbo. Akaitazama mara mbili, uso ukamlainika.

"Hii itakwenda Iringa," akasema. "Wazee wa kamati wameshalainika, na hii ina heshima yake."

"Na Mercy?"

"Hilo ni jambo jingine."

"Yaani sauti yake iende, mwenyewe abaki?"

"Sauti haina uso, Nidhi."

Nilitamani kumfunga mdomo na mita mbili za satini. Badala yake nikavaa viatu vya tope, nikapanda mlimani kumtafuta Mercy.

Nilimkuta shambani anavuna viazi. Hakusema karibu. Nikachuchumaa, nikaanza kuokota nyuma yake, viazi vyenye udongo navitia kwenye gunia, mpaka akachoka kunipuuza.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimepata dawa." Nikamwonyesha video kwenye simu. "Fimbo. Kamati imekubali. Ukienda ukawaambia na wewe umekubali, watakurudisha."

Akatazama mpaka mwisho. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Fimbo? Nani kakwambia kulikuwa na fimbo?"

Kiazi kikanitoka mkononi. "Kulikuwa wapi, Mercy?"

Akajua ameshateleza. Akaketi juu ya gunia, akanikazia macho.

"Kwanza unijibu wewe. Ule mkono nani kakusimulia?"

"Hakuna."

"Usinidanganye, Nidhi. Nimefukuzwa kwenye kwaya kwa ajili ya ule mkono."

"Nilisikia mnavyojibizana. Sauti zenu zinashikana. Ningechora nini kingine?"

Akatazama bondeni. Kule chini mji wa Mbeya ulikuwa unapiga kelele zake za mchana, magari ya Uyole na vinu vya kusaga. Kisha akaanza, na sauti yake ya kuongea ilikuwa ndogo kuliko ya kuimba.

"Ilikuwa Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga ya Gerson. Mimba yangu imefika. Gerson kaenda Madibira kutafuta mbegu. Mzee alikuwa ametuletea viazi kutoka huku, kafikia kwa jirani. Mvua ikapiga, mfereji mkubwa ukapasuka, majirani wakakimbilia kwenye mwinuko. Uchungu ukanishika nimo ndani peke yangu."

"Mzee akafanyaje?"

"Akarudi. Akasimama nje, akakohoa. Sasa hana mtu wa kumtuma aniulize hali. Palikuwa na jembe limeegemea ukuta. Akaliambia jembe: 'Wewe jembe, mwulize huyo aliye ndani kama anaweza kutembea.'"

Nikataka kucheka, nikaogopa. Yeye mwenyewe akatabasamu.

"Na mimi nikaliambia jembe. 'Wewe jembe, mwambie siwezi.' Akakohoa tena. Halafu akaingia. Zahanati iko ng'ambo. Alivyonivusha usiniulize. Gloria akazaliwa siku hiyo hiyo, akalia vizuri."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena. Hata Gerson anajua nilivushwa na majirani. Kwetu jambo kama lile likijulikana lina utakaso wake na maneno yake. Mzee akarudi mlimani, akakaa, msimu uliofuata akaleta wimbo kwenye kwaya. Akasema ni wa roho inayovuka kwenda mbinguni. Wakashangilia. Akamwambia mwalimu achague mwenyewe mwimbaji wa sehemu ya mwanamke. Mwalimu akanichagua mimi." Akachukua kiazi, akakipangusa bila sababu. "Kwaya nzima inaimba mbingu. Sisi wawili tunaimba Ubaruku."

Nikakiokota kile kiazi kilichonitoka mkononi.

"Ule wimbo ndiyo asante yangu, Nidhi. Sina njia nyingine ya kumwambia. Sasa anadhani nimemtangaza, na mdomo wangu umefungwa. Sasa hivi asante nitampaje?"

"Nitakwenda kumwambia."

"Usimwambie kitu! Nimekwambia wewe, iishie kwako."

Iishie kwangu. Mtu mwenye akili angeshuka mlima akarudi dukani. Mimi nikapita njia ya kwa Mzee Jailos.

Mkewe alikuwa uani anapepeta maharage. Akaniambia mzee hayupo, kaenda shamba. Kofia yake ilikuwa dirishani, na ndani mtu alikuwa anasogeza kiti. Jembe lake limeegemea ukuta karibu na mlango. Damu ikanichemka, nikasahau kwamba niliagizwa ninyamaze.

"Wewe jembe," nikasema kwa sauti ya kumwamsha kiziwi. "Mwambie Mzee Jailos kwamba Mercy hakunituma. Nilisikia sauti mbili, nikachora nilichosikia. Na kama kuna mtu aliyeitoa siri hadharani, ni yule aliyeitungia wimbo."

Ungo ukasimama hewani. Ndani kikasikika kikohozi kimoja.

Nikaondoka nimeinua kichwa juu. Nikajipongeza njia nzima mpaka barabarani, na hapo nikasimama ghafla. Jembe! Habari ya jembe niliijua vipi? Walioijua walikuwa wawili tu duniani. Nimekwenda kumwambia mzee kwamba Mercy hakusema, kwa maneno ambayo angeweza kunipa Mercy peke yake.

Nikampigia simu. Heri kukiri kuliko kungoja.

"Uliliambia jembe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Jembe la nani?"

"La kwake."

Akakata simu.

Siku ya kwenda Iringa kwaya iliondoka na Coaster yake, wamevaa sare za vitambaa vyetu. Nilikuwa niende nao. Nikasema siendi kwenye gari ambalo Mercy hana kiti. Baba akaniuliza nitafikaje na hiyo kompyuta, nikasema hata kwa miguu. Mama akatoka jikoni amevaa viatu.

"Bipin, washa pikapu."

"Na duka?"

"Litafungwa."

"Leo Jumamosi!"

"Ndiyo maana nimekuambia mapema."

Sijui mama alikwenda kumwambia nini Mercy alfajiri ile. Ninachojua ni kwamba tulipofika njia panda ya Itezi alikuwa amesimama pale na mfuko wake, hajavaa sare. Salamu yangu aliijibu kwa shida.

"Siendi na kwaya," akatangaza, kabla hajaulizwa. "Ninakwenda na duka la vitambaa."

Baba akakohoa, akasogeza kiti. Tukapita Chimala, Makambako, Mafinga, hakuna anayeongea isipokuwa mama aliyekuwa anagawa chapati.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nikapewa chumba cha vifaa nyuma ya jukwaa, chumba chenye mlango mmoja na hakina dirisha, waya zimetapakaa. Mercy akaja akakaa kwenye kona. Eliezeri akamwona, uso ukambadilika.

"Kamati ilisema huyu haruhusiwi jukwaani."

"Hapa si jukwaani," nikamjibu. "Hapa ni stoo. Nina uzoefu na stoo."

Akaondoka anatikisa kichwa. Nikafungua kompyuta, faili mbili zikawa mbele yangu, Fimbo na Mkono.

"Cheza ya fimbo," Mercy akasema.

"Ukitaka nacheza ya mkono. Anayebonyeza ni mimi."

"Cheza ya fimbo, Nidhi. Umeshanifanyia ya kutosha. Nimekuja kuisikia sauti yangu mbele za watu mara moja, halafu basi."

Hilo "basi" lilinichoma. Mwanamke mwenye sauti kama ile amekaa kwenye kona kati ya maboksi ya spika, na waliomweka pale wanapanga mistari waende kuimba kwa mgongo wa sauti yake iliyorekodiwa. Nikasogeza kishale kwenye ile ya mkono. Waje wanipige.

Nje ya mlango mtu akakohoa.

Mercy akafanya kile kile mama yangu alichokuwa akifanya jikoni. Kanga kichwani, uso ukutani. Mzee Jailos akasimama kizingitini, akatugeuzia mgongo, kofia mkononi. Nikajiandaa kusikia laana.

"Wewe kompyuta," akasema.

Nikaondoa kidole kwenye kitufe.

"Mwambie huyo binti wa Bipin kwamba alipokuja kwangu kuongea na jembe, nilimsikia. Mama Gerson naye alimsikia. Ikabidi nimweleze mama yote, jioni ile ile." Akaigeuza kofia mkononi. "Nilidhani nyumba itawaka. Mama kaniuliza swali moja tu. 'Sasa ulitaka umwache afe?'"

Kwenye kona kanga ikatikisika.

"Mwambie tena. Video yake ina uongo. Ile ya fimbo ni uongo. Na ile ya mkono nayo ni uongo."

"Mzee," nikaanza.

"Naongea na kompyuta," akanikatisha. "Maji yalikuwa yananifika kifuani. Mtu mwenye uchungu unamshikaje mkono kwenye maji ya kifuani? Sikumshika mkono. Nilimbeba mgongoni. Wakitaka kuona, waone kilichokuwepo. Mwulize kama ana muda wa kurekebisha."

Kabla yetu zilibaki kwaya mbili. Mkono ule ulinila wiki, na mgongo uliobeba mtu sijawahi kuujaribu maishani.

"Wewe kompyuta," nikasema, "mwambie Mzee muda upo."

Muda haukuwepo. Lakini mto ulikuwepo, kwenye leya yake, unatiririka wenyewe. Nikifuta watu wawili nikachora picha chache tu, kila moja nikaishikilia muda mrefu, maji ndiyo yatakayotembea. Yaliyobaki sauti zao zitamaliza.

"Aingie akae," nikaiambia kompyuta. "Niuone mgongo."

Akaingia kinyumenyume, mzee wa watu, akipapasa kwa mguu asijikwae kwenye waya, akakaa juu ya boksi la spika. Nikaanza. Mabega yakatoka, shingo ikatoka, lakini mgongo mtupu haunifundishi mzigo. Nikafuta. Nikachora tena. Jukwaani kwaya ya kwanza ikamaliza, makofi yakalia.

"Wewe kompyuta." Hii ilikuwa sauti ya Mercy, imeelekea ukutani. "Mwambie baba alikuwa ameinama zaidi ya hapo. Na mguu wangu wa kulia ulikuwa ndani ya maji, kandambili ikachukuliwa."

Mzee Jailos akainama zaidi.

"Mwambie," akasema, "hiyo kandambili niliirudia kesho yake, sikuiona."

Mabega yakaanza kumtetemeka. Kama analia au anacheka sikuuliza, niliyachora hivyo hivyo yalivyo.

Kwaya ya pili ikamaliza, mlango ukasukumwa. Eliezeri akasimama pale, na nyuma yake nikaona makoti ya kamati. Alimtazama mzee, akamtazama Mercy, akatazama chumba chenye mlango mmoja.

"Nidhi! Hawa wawili ndani ya chumba kimoja? Mbele ya kamati? Zima hiyo kompyuta, mtoe mmoja, sisi ndio tunaofuata!"

"Ninachora, mwalimu."

"Unachora nini sasa hivi?"

"Mnachokiimba siku zote."

Hakuna aliyesogea. Mzee Jailos hakuinuka kwenye boksi, wala Mercy hakutoka ukutani. Jukwaani mtangazaji akataja jina la kwaya yetu.

"Funga mlango, mwalimu," nikamwambia bila kuinua macho. "Kwa ndani au kwa nje, chagua mwenyewe."